Leza ya macho: daktari aliye mafunzoni au bingwa mzoefu, tofauti iko wapi hasa?

MiwaniArusha

Wakuu wa macho, salaam. Nauliza kwa niaba ya mteja. Kijana wa miaka 27, anaongoza wageni Mlima Kilimanjaro, na miwani inamtesa kwa ukungu kuanzia kambi ya Barafu kwenda juu. Kuna hospitali ya kufundishia kule India imempa bei mbili za leza ya kuondoa miwani: bei kamili akifanywa na bingwa mwenyewe, na karibu nusu yake akifanywa na daktari aliye mafunzoni huku bingwa akisimamia. Kurudi India kila mwezi kukaguliwa hawezi, kwa hiyo likiharibika jambo litatuangukia sisi huku.

Namba zake za miwani kwa daiopta (ya kutoona mbali, kisha silinda, yaani kasoro ya umbo la jicho, na mhimili wake kwa digrii): kulia -4.50 -1.25 x 175, kushoto -4.75 -0.75 x 10. Kwa miwani anasoma 6/6 macho yote. Unene wa konea (kioo cha mbele cha jicho) katikati ni maikroni 518 kulia na 521 kushoto. Namba haijasogea zaidi ya 0.25 kwa miaka miwili.

Je, matokeo ya hao walio mafunzoni yanatofautiana kweli na ya mabingwa? Na aulize nini kabla hajatoa hela? Naomba majibu ya kitaalamu, lile la "tafuta bingwa tu" tayari ninalo.

---

Dkt_Rau

Salaam mkuu. Ripoti zilizochapishwa na vyuo vinavyofundisha leza, hasa vya Marekani, zinafanana kwa jambo moja: wagonjwa waliofanywa na madaktari walio mafunzoni chini ya usimamizi wanaishia na uwezo wa kuona unaokaribiana sana na wa wale waliofanywa na wazoefu. Sisi tuliozoea upasuaji wa mtoto wa jicho hilo linatushangaza, maana kule mkono ndio kila kitu. Takwimu za kitaifa za Uingereza ziliweka kupasuka kwa kifuko cha nyuma cha lenzi kwenye karibu 2% kwa jumla, na kwa walio mwanzo wa mafunzo hatari hiyo ilikuwa mara kadhaa zaidi.

Kwenye leza anayechonga ni mashine. Mwanga wa nanomita 193 unaondoa kama robo ya maikroni kwa kila mdundo, kompyuta inapanga kila mdundo utue wapi, na kamera inafuata jicho likicheza. Daktari anakanyaga pedali na kumwambia mgonjwa atazame taa. Ukimkanyagisha pedali bingwa au mwanafunzi, kina kinachochongwa ni kilekile.

Kwa hiyo usitafute tofauti kwenye sekunde za leza. Itafute siku ya vipimo.

Leza mbaya kuliko zote ni ile iliyofanywa vizuri kabisa kwenye jicho lisilostahili kufanywa. Keratokonasi (konea kudhoofika na kuchongoka) iliyojificha ndiyo adui namba moja. Jicho linasoma 6/6 kwa miwani, unene unaridhisha, lakini upande wa chini wa konea una mwinuko kidogo kuliko wa juu, au uso wa nyuma umeanza kusukumika nje. Ukilipunguza hilo unene, miaka miwili au mitatu baadaye konea inabinuka na hakuna miwani itakayolirudisha. Mzoefu akiiona ramani ya konea ya namna hiyo anasimama. Aliye mafunzoni anaweza kuona rangi ya kijani imetawala katikati akaridhika, wakati kipimio cha rangi kimewekwa kwa hatua kubwa za daiopta 1.50 na kasoro imemezwa humo. Hatua ziwe za 0.50 au hata 0.25 kwa jicho linalotia shaka.

Huku kwetu kuna jambo la kuongeza. Watoto wengi wanakua na mzio wa macho ule wa kuwasha mwaka mzima, na mtoto anayefikicha macho kwa miaka kumi anakuja kuwa kijana mwenye konea ya kutiliwa shaka. Mteja wako muulize kama alifikicha utotoni, na kama bado anafikicha. Muulize na mama yake, maana mwenyewe atasema hapana.

Sasa hesabu, jicho la kulia. Mhimili wenye nguvu zaidi ni 4.50 + 1.25 = 5.75. Kwa eneo la milimita 6.5, kila daiopta inakula karibu maikroni 14, jumla 81. Flapu (kifuniko chembamba cha konea kinachofunuliwa kabla ya kuchonga) ya maikroni 110 ikikatwa kwa leza ya femtosekunde, chini inabaki 518 - 110 - 81 = 327. Jumla ya tishu iliyoguswa ni 191 kati ya 518, karibu 37%. Wengi tunaogopa ikivuka 40%, na hatutaki konea inayobaki iwe chini ya 300. Yumo.

Lakini kama hospitali hiyo bado inakata flapu kwa wembe, kisu kilichoandikwa 130 kinaweza kukata 150 bila kuuliza mtu. Hapo 150 + 81 = 231, karibu 45%, na kinachobaki ni 287. Jicho lilelile, namba ileile, jibu tofauti. Hilo ni swali la kwanza la kuuliza: flapu inakatwa na nini, na unene wake unapimwa siku hiyohiyo au wanaamini kilichoandikwa?

---

FundiLeza

Nakubaliana na daktari, ila hiyo "kina ni kilekile" inahitaji nyongeza. Mashine inachonga vilevile kama konea iko vilevile, na hapo mwendo wa daktari unaingia.

Flapu ikishafunuliwa, kitanda cha konea kinaanza kukauka. Maji yanameza mwanga wa leza. Kitanda kikiwa kimelowa, leza inaondoa tishu pungufu na mgonjwa anabaki na mabaki ya namba. Kikikauka, inaondoa zaidi na mgonjwa anavuka kwenda upande wa pili. Mzoefu anafunua, anapangusa mara moja kwa sponji, anafyatua. Aliye mafunzoni anafunua, anatafuta sponji, anaangalia skrini, anamuuliza msimamizi, anapangusa tena. Muda umekwenda. Mbaya zaidi ni maji kujikusanya upande wa bawaba ya flapu (pale inapobaki imeshikana na konea) wakati katikati kumekauka: hapo konea inachongwa kwa mawimbi, na silinda mpya inazaliwa ambayo haikuwepo.

Ndiyo maana chumba kinatunzwa kwa unyevu na joto lisilobadilika, na mgonjwa anakatazwa manukato siku hiyo. Mvuke wa spiriti na pafyumu unasumbua mwanga njiani. Kipimo cha nguvu ya leza kinarudiwa kabla ya mgonjwa, siyo asubuhi tu.

Kosa jingine ni la karatasi, wala halina ubingwa. -4.50 -1.25 x 175 ni sawa na -5.75 +1.25 x 85. Mtu akichanganya maandishi ya minasi na ya plasi, akaingiza silinda ya minasi kwenye mhimili wa 85, mashine itatii. Badala ya kuondoa 1.25, inamwachia 2.50. Kuna pia umbali wa miwani kutoka kwenye jicho: mashine inayotaka namba ya miwani kwa umbali wa milimita 12 ikipewa namba iliyokwisha kuhamishiwa kwenye konea, 5.75 inakuwa 5.38, na mabaki hayo atarudi nayo Arusha.

Kisha kujizungusha kwa jicho. Mtu akilala chali, jicho linazunguka digrii mbili hadi nne kwa kawaida, wengine hadi kumi. Digrii kumi za makosa kwenye silinda ya 1.25 zinaacha karibu 0.43. Dawa yake ni kuweka alama ya wino pembeni mwa konea saa tatu na saa tisa mgonjwa akiwa AMEKAA, au kutumia mashine inayotambua mistari ya irisi. Aulize wanatumia ipi. Wakimjibu "mashine inajua", aulize tena.

---

Sista_Theata

Shikamoo Dkt. Nawasalimu na wengine. Naongezea upande wa mezani.

Kwenye flapu ya wembe, pete ya kunyonya ikishika jicho, presha ya ndani ya jicho inapanda kupita 65 na mgonjwa anaona giza. Giza hilo ni ishara nzuri, maana yake pete imeshika. Anayejifunza asipohakikisha presha imepanda kweli, au kope ikiingia katikati, kisu kinapita juujuu na flapu inatoka na tundu katikati. Konea iliyochongoka sana, kuanzia daiopta 46 au 47, ndiyo inayotoboka kirahisi. Iliyo bapa, chini ya 41, inaweza kukatika kipande chote bila bawaba. Ikitokea tundu, sheria ni moja: rudisha flapu mahali pake, USIPIGE leza, funga kazi. Jicho lisubiri miezi kadhaa, kisha lifanywe kwa njia ya juu ya konea. Hatari halisi ya daktari mchanga iko hapa: tundu lenyewe linaweza kumpata hata bingwa, ila mchanga anapata tamaa ya kuendelea kwa kuwa mgonjwa yuko mezani na amelipa.

Kurudisha flapu nako ni kazi. Inasuguliwa kwa sponji yenye unyevu kutoka bawabani kwenda nje, inaachwa ishike dakika mbili au tatu, kisha unasukuma konea pembeni uone kama mkunjo unahamia ndani ya flapu. Aliye mafunzoni huwa anaosha mno chini ya flapu, inavimba, ikikaa inaacha mikunjo. Mikunjo ya siku ya kwanza inanyooshwa kwa kufunua tena. Ya wiki tatu ni ubishi.

Kesho yake lazima aangaliwe kwa darubini. Uvimbe wa chini ya flapu, ule unaoonekana kama mchanga uliomwagwa, unaanza siku ya kwanza hadi ya tatu. Ukidhaniwa ni ukavu wa macho, akarudishwa hotelini na machozi bandia, konea inaweza kuyeyuka katikati. Unataka steroidi za matone kila saa, na ukizidi, flapu inafunuliwa na kuoshwa. Kwa hiyo mteja asikate tiketi ya kurudi kesho yake.

---

Mpima_Soweto

Mimi napinga kidogo mwelekeo wa mjadala. Tunazungumza flapu, wakati huyu ni mtu wa mlimani. Kwa nini apewe flapu kabisa?

Anabeba mizigo, anapita kwenye matawi, upepo wa vumbi na baridi kali. Flapu zimewahi kuhama miaka kadhaa baada ya upasuaji kwa pigo la jicho. Pia flapu inakata neva za konea, na ukavu wa miezi sita ya mwanzo kwenye hewa ya Kibo hautamfaa. Na safari ya kilele inaanza usiku wa manane kwa tochi ya kichwani: mboni imefunguka yote. Eneo la leza likiwa dogo kuliko mboni, kila tochi ya mgeni itakuwa na duara la mwanga.

Mpe PRK, leza inayochonga juu ya konea bila flapu. Panua eneo hadi milimita 7.0: karibu maikroni 16 kwa daiopta, jumla 94. Kwa flapu ya 110 hiyo ni 204, yaani 39%, umefika ukingoni. Kwa PRK ngozi ya juu ni kama 50, jumla 144, na kinachobaki ni 374. Kuhusu kimo, utafiti wa miaka ya 1990 uliofanyika Pikes Peak, Marekani, kwenye karibu mita 4,300, uliona namba za macho yaliyofanyiwa mikato ya zamani ya kisu zikihama kwa kukaa juu siku tatu, lakini za macho ya PRK hazikuhama. Hapo ni juu ya kambi ya Horombo, chini kidogo ya Barafu.

Na hii inajibu swali la awali. PRK ndiyo njia yenye tofauti ndogo kati ya mwanafunzi na mzoefu, kwa sababu haina flapu ya kuharibu. SMILE iko upande wa pili kabisa. Pale daktari anachomoa kilenzi chembamba kupitia mlango wa milimita chache, na anatakiwa aachanishe tabaka la juu kwanza, kisha la chini. Akikosea akaanza la chini, kilenzi kinang'ang'ania juu, na kukibandua bila kuchana ni kazi ya mtu aliyekwisha kuchana vingi. Wakimwambia "tunakupa SMILE kwa nusu bei, atakufanyia daktari anayejifunza", akimbie.

---

Sista_Theata

Kwenye PRK nakuunga mkono, ila usiseme haina pa kukosea. Ngozi ya juu inalegezwa kwa spiriti ya 20% ndani ya kikombe cha milimita 8 au 9, sekunde 20 hivi. Kikombe kisipobanwa sawasawa, spiriti inavuja hadi kwenye seli za pembeni zinazootesha ngozi mpya, na kidonda kinachelewa kupona. Inyonywe kwa sponji kwanza, ndipo uinue kikombe, kisha uoshe. Wanaojifunza wanainua kwanza.

Baada ya leza kuna mitomaisini ya 0.02% kuzuia ukungu wa kovu, inawekwa kwa sponji sekunde 12 hadi 60 kutegemea kina. HESABU KWA SAUTI. Na mtu wa pili asome chupa, kwa sababu 0.2% na 0.02% zinafanana sana kwa jicho lililochoka.

Maumivu ya siku mbili tatu yapo, aambiwe mapema. Lenzi ya bandeji inatolewa siku ya nne au ya tano, ngozi ikishafunga. Asiitoe mwenyewe.

---

MiwaniArusha

Asanteni sana, wakuu. Nimepata majibu kutoka hospitali. Flapu ni ya femtosekunde, lakini PRK pia wanafanya kwa bei hiyohiyo ya mafunzo. Alama wanaweka mgonjwa akiwa amekaa. Ramani zinasomwa na bingwa mwenyewe na kusainiwa kabla ya siku ya upasuaji, na bingwa anakaa kwenye darubini ya pili mwanzo hadi mwisho. Ramani aliyofanya huku nimeiweka hatua za 0.50: mwinuko wa juu kabisa 44.1 kulia, juu na chini havipishani hata nusu daiopta, uso wa nyuma hauna kilima. Mboni gizani 6.8. Mama yake anasema hakuwahi kufikicha macho, "labda akiwa na usingizi".

Bado swali: nusu bei, au aongeze hela?

---

Dkt_Rau

Kwa majibu hayo, PRK kwa bei ya mafunzo sina pingamizi nayo. Jambo linalobeba uzito ni ile saini ya bingwa kwenye ramani na ile darubini ya pili. Kama wangesema "bingwa atakuwa jengoni", ningekujibu tofauti. Hela anayookoa atumie kukaa siku saba kulekule, hadi lenzi ya bandeji itoke na aangaliwe tena baada ya hapo.

Kabla hajapanda ndege, rudia kipimo cha miwani kwa matone ya kupooza misuli ya ndani ya jicho. Kijana wa miaka 27 anaweza kukusomea -4.50 wakati ukweli ni -4.00, na leza haitajua kwamba alikuwa akijikaza. Kama anavaa kontakti lenzi laini siku za safari, aziache wiki mbili kabla ya kipimo hicho na kabla ya ramani. Kama ramani uliyonayo ilipigwa bila kuacha lenzi, haifai, ipigwe upya.

Muda: apange mwishoni mwa Machi, masika yakianza na wageni wamepungua. Uoni wa PRK unatulia kwa wiki hadi miezi mitatu, kwa hiyo ifikapo mwisho wa Juni msimu ukifunguka atakuwa tayari. Kabla ya hapo asipande. Jua la Arusha kwenye mita 1,400 linatosha kuamsha kovu, sembuse lile linalorudishwa na theluji ya Kibo. Miwani ya jua inayozuia miali ya urujuanimno na kofia ya ukingo mpana, miezi sita ya mwanzo bila kukosa.

---

Mpima_Soweto

Mkuu MiwaniArusha, hili la mwisho ni lako, siyo la India. Atarudi na matone ya steroidi ya kushusha pole pole kwa miezi miwili au mitatu. Baadhi ya watu presha ya macho inapanda kwa matone hayo bila dalili yoyote. Mpime kabla hajaondoka, kisha wiki ya nne na ya nane akiwa bado kwenye dawa. Konea iliyopunguzwa inadanganya kipimo kwa kuonyesha chini ya ukweli, kwa hiyo 17 ya baada ya leza usiichukulie kama 17 ya kabla. Andika unene wa zamani, unene mpya na presha zote kwenye kadi moja akae nayo. Akifika miaka hamsini, mtu atakayempima presha hiyo hatajua kama aliwahi kufanyiwa leza, na namba ya kawaida kwenye konea ya 420 inaweza kuwa imeficha glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho).

---

MiwaniArusha

Kadi naiandaa leo. Kontakti lenzi alikuwa anavaa kweli, hadi siku moja kabla ya ramani. Nampigia aziache, ramani tunairudia baada ya wiki mbili.